Ukoo wa Nne

Posa yangu ilikwama kwa sababu ya bibi yangu mzaa mama, na yeye ndiye aliyeitaka ndoa ile kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, ukiniondoa mimi. Alimpenda mchumba wangu tangu siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha na kofia yake mkononi. Wazee wa kijana walikuwa watu wa upande wa Njombe, na walikuwa na utaratibu wao. Kabla ya kumpokea binti wanahesabu koo nne, za babu zake wawili na za bibi zake wawili. Ukoo mmoja ukigongana na wao, hakuna ndoa, hata binti awe malaika.

Sisi tulikaa nje kidogo ya Makambako, ambako enzi zile za Mwingereza kulikuwa na njia panda, maduka mawili matatu ya Wahindi, na vumbi la malori. Mshenga alikuja na wenzake, akauliza. Baba alitaja koo zake mbili bila kusita. Ukoo wa babu mzaa mama ulijulikana na kila mtu. Zamu ilipofika kwa bibi, akataja ukoo wa watu waliomlea. Hapo shangazi mmoja wa mchumba wangu, mwanamke asiyesahau kitu hata ukimlipa, akasema kwa upole kabisa kuwa watu wale hawakumzaa, walimwokota vitani. Wageni wakamaliza chai yao, wakatuambia tukatafute ukoo wa nne, kisha tuwaite.

Nilikasirika. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, na mambo ya koo niliyaona ushamba mtupu. Lakini hasira yangu sikuielekeza kwa wazee wa mchumba, niliielekeza kwa bibi, kama vile alizaliwa makusudi ili aje kuniharibia. Siku tatu nilimsalimia bila kumtazama. Yeye alikuwa ananiwekea viazi vya kuchoma kama kawaida.

Bibi alijua jambo moja tu kuhusu asili yake. Waliomlea walimwambia kwamba walimpata akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, kwenye kanisa la kisiwani, wakati wa vita vya Maji Maji, na kwamba wazazi wake walikufa vitani. Walikufa wakisema hivyohivyo. Aliwaita baba na mama kwa mdomo mzima, na makaburi yao aliyapalilia kila mwaka kabla ya mvua. Sikuwahi kumsikia akiuliza zaidi.

Neno kisiwa ndilo lililoanza kunivuruga. Shuleni tulifundishwa kuwa kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji, na mfano tuliopewa ni Unguja. Njombe kuna ukungu, kuna baridi ya kukata masikio, lakini bahari hakuna. Baba akanieleza kuwa ng'ambo ya kijiji cha Yakobi kuna kilima katikati ya kinamasi. Masika maji yanatanda pande zote, watu wa kilimani wanakatika na dunia. Kiangazi maji yanapungua, wanalima pembeni vinyungu vyao, yaani bustani za kinamasini, mahindi mabichi yanapatikana wakati wengine hawana. Juu ya kilima kuna kijiji na kanisa. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo ikaamuliwa mimi na bibi twende. Nilikubali haraka, maana aliyekuwa akitafuta ni mimi.

Tulipanda lori la magome ya miti ya miwati hadi Njombe, tukalala kwa jamaa zetu Yakobi, na asubuhi ya Jumapili tukaanza kutembea. Siku ile bibi sikumwelewa hata kidogo. Mwanamke aliyekuwa akibeba mtungi huku anaongea na watu watatu alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache. Mara kiatu kimembana, mara anataka turudi Yakobi akamuage mama mmoja ambaye tulikuwa tumemuaga mara mbili. Nilimwambia ibada itatupita. Akasema ibada zipo kila Jumapili. Nikamuuliza kama hataki kujua kwao, akaniambia niangalie njia nisije nikateleza.

Kinamasi tulikivuka kwa daraja la mianzi iliyolazwa juu ya tope. Mvua zilikuwa zimeanza, maji yalikuwa yanameta kati ya matete, na kilima kilikuwa mbele yetu, kidogo kuliko nilivyotegemea, nyumba kama ishirini za nyasi na kanisa katikati. Kanisa lenyewe lilikuwa fupi na pana. Kuta zake za mawe zilikuwa nene kiasi kwamba nilipoingiza mkono kwenye tundu moja la ukutani kwapa liligusa jiwe kabla vidole havijatokea upande wa pili. Madirisha halikuwa nayo. Lilikuwa na matundu tu, membamba upande wa nje, yanayotanuka kuelekea ndani, yaliyokatwa kwa ajili ya bunduki. Mlango ulikuwa wa mbao mara mbili, umepigiliwa vyuma. Wamisionari wa Kijerumani walilijenga wakiwa wanasikia vita vinakuja, na walitaka jengo la kusalia na la kuponea kwa wakati mmoja. Nilisimama pale mlangoni nisijue kama naingia kusali au kujificha.

Mzee wa kanisa aliyekuwa mlangoni alitupa mkono. "Kamwene," alisema. "Ninyi ni wa tundu gani?"

Nilidhani anatania. Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamwambia tumetoka Makambako, akasema sawa, lakini wa tundu gani. Ikabidi nikiri kuwa sielewi, naye akanieleza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kueleza. Wakati wa vita watu wote wa kilima walijifungia humu ndani. Kila familia ilipewa tundu moja la kulinda, ikalala chini yake, ikala chini yake. Vita vikaisha, lakini Jumapili iliyofuata kila familia ikaenda kukaa chini ya tundu lake, na mpaka siku ile walikuwa wanakaa hivyo. Mke akiolewa anahamia tundu la mumewe. Mtoto akibatizwa anapelekwa kuonyeshwa tundu lao. Wageni wanakaa kwenye mikeka ya mlangoni.

Mikeka ya mlangoni ilikuwa imejaa watu waliokuja kumalizia mavuno ya vinyungu. Bibi alitaka tusimame. Mimi nilikuwa nimeona benchi moja upande wa kushoto, la tatu kutoka mbele, tupu kabisa, limefutwa vumbi. Nikamshika mkono, nikamvuta, tukaenda tukakaa.

Wimbo ulikuwa unaendelea. Ulianza kufifia nyuma yetu, kisha pembeni, mpaka wakabaki wanaoimba mchungaji na mzee mmoja kiziwi. Mzee wa kanisa alikuja akiinama, akaninong'oneza kuwa pale hapakaliwi. Nami, kwa kiburi changu cha darasa la sita, nikamjibu kuwa nyumba ya Mungu haina benchi la mtu. Bibi alinifinya paja mpaka machozi yakanilenga. Lakini na yeye hakuinuka. Alikuwa amelitazama tundu lililokuwa juu ya vichwa vyetu, na mwanga wake mwembamba ulikuwa umemwangukia mapajani. Mchungaji akaona heri aendelee na ibada.

Sikusikia neno la mahubiri. Nilikuwa nahisi macho ya watu shingoni, na nilikuwa namwomba Mungu vitu viwili visivyopatana, kwamba ibada iishe upesi na kwamba isiishe.

Ilipokwisha hakuna aliyetoka. Mwanamke mmoja mzee mwenye fimbo, ambaye baadaye niliambiwa ndiye pekee aliyebaki kati ya waliojifungia mle wakiwa na umri wa kuelewa mambo, alikuja akakaa kwenye benchi letu. Alikaa ukingoni kabisa. Hakutuuliza tumetoka wapi. Alimuuliza bibi nani aliyemlea. Bibi akawataja, baba yake na mama yake, kwa majina yao yote. Yule mwanamke mzee akaziba mdomo kwa kiganja.

Kisha kila mtu akaanza kuongea. Babu mmoja alisema mtoto aliyechukuliwa na watu wale alikuwa wa kiume. Mwingine akasema walikuwa pacha. Mama mmoja ambaye kwa umri wake hakuwa amezaliwa wakati wa vita alisimulia kwa uhakika kuliko wote. Nilimshika bibi kiwiko ili nijue angalau mmoja wetu yuko mahali pake. Yule mzee aligonga fimbo sakafuni mara moja, wakanyamaza.

Alieleza taratibu, kwa Kibena, na nitayaweka hapa kama nilivyoyashika. Siku wapiganaji walipofika ukingoni mwa kinamasi, mlango ulikuwa umeshafungwa. Mwanamke mmoja alikuwa amechelewa kwenye kinyungu chake na mtoto mgongoni. Alipofika juu walikataa kumfungulia, kwa hofu. Akazunguka ukuta akipiga kelele, akamsukuma mtoto kwenye tundu hili. Mtoto alikwama mabega. Mwanamume aliyekuwa analinda tundu akaacha bunduki, akamvuta mpaka akapita. Mama mtu akakimbilia kwenye matete. Mwanamume yule na mkewe walikuwa wamemzika mtoto wao wa pekee mwezi uleule.

Siku ya tatu wapiganaji waliondoka na mlango ukafunguliwa. Kesho yake mwanamume na mkewe wakafunga mizigo, wakasema yule mama amefia kwenye matete, wakaondoka na mtoto. Siku iliyofuata mama akatoka kwenye matete, miguu imevimba, yuko hai.

Bibi hakulia. Aliuliza swali moja tu. "Waliondoka wakijua?"

"Mimi nilikuwa mtoto," alisema yule mzee. "Nilimsikia anaita kutoka kwenye matete. Kama mimi nilisikia, wao sijui."

Babu mmoja akasema siku zile sauti zilikuwa nyingi na hakuna aliyejua ipi ni ya nani. Mwingine akaguna. Nilimtazama bibi nikitafuta dalili ya hasira na sikuiona, wala sikuona furaha. Nilifikiria makaburi mawili aliyokuwa anayapalilia. Nilijiuliza kama watu wale walikuwa wezi au waokozi, na nikashindwa, na mpaka leo, mwenyewe nikiwa na wajukuu, ninashindwa.

Yule mzee alituongoza nje, tukazunguka ukuta mpaka chini ya tundu lile. Mama yake bibi, alisema, aliwatafuta miezi mingi. Mtu alimdanganya kuwa wameelekea Usangu, akaenda mpaka Usangu, nao wako Makambako. Baadaye akarudi, akisema mtoto akikua ataulizia kanisa. Hakuingia tena ndani. Kila Jumapili alikaa hapa nje, ameegemeza mgongo ukutani na mkono wake ameuingiza tunduni. Waliomkatalia mlango walimwomba msamaha, wakamwomba aingie akae kwenye benchi lile, akakataa. Ndiyo maana walikuwa wakilifuta vumbi na hawakulikalia. Alikufa muda mfupi baada ya Vita vya Hitla.

Nilipiga hesabu palepale bila kutaka. Vita vya Hitla vilipoisha mimi nilikuwa natumwa dukani kununua chumvi. Bibi alikuwa Makambako, mzima, anacheka na watu njiani, siku mbili kwa miguu kutoka hapa.

Bibi aliingiza mkono kwenye tundu hadi kiwikoni. Ukingo wa chini wa jiwe ulikuwa laini. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na watu wote wakajifanya wanatazama kinamasi.

"Lakini kwenu kupo," yule mzee akamwambia, sasa akitabasamu, kwa sababu alikuwa na zawadi ya kumpa. Baba yake bibi alikufa vitani, alisema, lakini alikuwa mtu anayejulikana, mwenye watu wake. Akautaja ukoo.

Ulikuwa ukoo wa mchumba wangu.

Nasema ukweli kwa sababu wanaohusika wote wamekufa. Wakati ule, mkono wa bibi ukiwa bado ndani ya ukuta, sikumfikiria mama yake aliyekaa nje ya kanisa miaka yote ile. Nilifikiria posa yangu. Nilimchukia yule mzee kwa kukumbuka vizuri. Nilitamani babu aliyesema mtoto alikuwa wa kiume ndiye angekuwa amesema kweli. Kisha nikaona aibu, kisha nikaikasirikia aibu yenyewe, na yote hayo yalipita kabla bibi hajautoa mkono. Tulipewa mahindi ya kuchoma na maziwa mgando. Watu walimshika bibi mashavu, walimwita dada, walimwita shangazi, walimwonyesha kaburi. Mimi nilikula mahindi mawili bila kuhisi ladha.

Kwenye daraja la mianzi bibi alinitangulia, safari hii bila kusimama. Tulipofika nchi kavu nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza nyumbani tutasema nini.

"Nyamaza kwanza, mjukuu wangu," alisema. "Nimempata mama yangu leo."

Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka Yakobi, nikanyamaza kwenye lori. Ilikuwa mara ya kwanza kumwogopa bibi. Sikujua kama nataka aseme kweli ili nimheshimu, au aseme uongo ili niolewe, na nilikuwa nataka yote mawili kwa nguvu sawa. Tulipoteremka Makambako mama alikimbia kutupokea, akauliza kabla hata hajachukua mzigo. Bibi akamjibu kuwa watu wa zamani wamekwisha, waliobaki kila mmoja anasema lake, hatukupata kitu. Mama alinitazama mimi. Nikainama kufungua kamba ya kiatu.

Wazee wa mchumba wakaitwa. Nilidhani watakataa papo hapo, lakini kumbe walikuwa na njia ya mambo ya namna hii, na ndiyo iliyonitoa jasho. Ukoo wao hauli kwale. Ni mwiko wa tangu asili, hata mtoto wao akikuta unyoya njiani anaukwepa. Wanaamini mtu wa damu yao akila kwale kwa kujua, wafu wake wanamkana, na siku akifa hatakuwa na mtu wa kumpokea. Kwa hiyo mtu asiyejua asili yake wanamwekea kwale mbele ya wazee. Wanamwambia wazi huyu ni ndege gani na mwiko wake ni upi, kisha wanatazama.

Kwale walimleta wenyewe, amepikwa na chumvi tu, kwenye bakuli la bati lenye kifuniko. Ilikuwa mchana, mlango uko wazi, jua linaingia mpaka kwenye mkeka. Mimi nilikaa nyuma ya mama, nimejifunika khanga kichwani kama inavyompasa binti anayeposwa, na kupitia upindo wa khanga nilikuwa namwona bibi uso kwa uso. Mshenga alieleza maneno yote, kuhusu mwiko na kuhusu wafu. Alisema hakuna atakayemlazimisha. Akisita tu, wao wataelewa, wataondoka kwa heri na hakuna atakayelaumiwa.

Bibi alikuwa amekula kwale maisha yake yote. Baba yake wa kulea alikuwa mtegaji hodari, na mapaja alikuwa anamwachia yeye. Lakini alikuwa amewala bila kujua, na kutojua kunasamehewa, hata wazee wale walisema hivyo. Niliwaza nisimame niseme. Niliyapanga maneno kabisa. Magoti yangu yalikuwa yangu, ulimi ulikuwa wangu, hakuna aliyenishika, na sikusimama.

Alinawa. Alichukua paja, akalitazama kidogo, akala. Akachukua la pili. Hakuharakisha. Alitafuna kama anavyotafuna siku zote, upande wa kushoto, ambako bado alikuwa na magego. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza mifupa. Alipomaliza minofu akavunja mfupa, akanyonya uboho, akauweka kwenye kifuniko.

Shangazi asiyesahau kitu akawa wa kwanza kushusha pumzi. Mshenga akatabasamu, akajisogeza kwenye mkeka na kumpa bibi mkono. "Sasa tuna hakika, mama," alimwambia. "Wewe si wa kwetu."

"Si wa kwenu," bibi alisema, na wanawake wakaanza kupiga vigelegele.